Mzee Kibiriti na Chumvi Isiyoliwa

Baada ya kuitumikia idara ya kuzuia moto ya kiwanda chetu cha nguo kwa miaka thelathini na moja, fundi tuliyemzoea kwa jina la Mzee Kibiriti alistaafu Ijumaa, tarehe 28 Juni.

Kazi yake ilikuwa kuinywesha pamba chumvi ya fosfoniamu ili isishike moto. Si ya jikoni, ingawa mpishi wa kantini aliwahi kuja na kikombe kuiazima. Mzee alimwambia: kwa hii, dada yangu, mchuzi hautaungua kamwe, wataungua walaji.

Chumvi hiyo huyeyuka upesi majini na harufu yake hukaba koo. Kitambaa huchovywa humo, hukamuliwa, hukaushwa, kisha hupitishwa kwenye gesi ya amonia. Hapo chumvi hugeuka na kugandia ndani ya nyuzi, isitoke hata kwa kufuliwa. Ukikiwasha kitambaa, hugeuka mkaa mweusi na moto hufa palepale.

Mzee hakuridhika na vipimo vya maabara. Kila jora jipya lilipotoka, alishonea kipande kwenye mkono wa ovaroli yake na kukiwasha akiwa ameivaa. Wageni walipiga mayowe. Siku moja amonia haikutosha: vinyweleo vya mkono ule havijaota mpaka leo, na jora zima lilitupwa. Tulipomtania kwamba amekula chumvi nyingi, alisema yake haikuliwa, ilinywewa na pamba.

Mwezi Machi uongozi uliamua kuifunga idara, kwani wanunuzi wanataka ovaroli za bei nafuu. Mzee alikwenda ofisini mara mbili kuomba isifungwe. Mume wa binti yake huchomelea vyuma akiwa amevaa ovaroli zetu, na wengi wako kama yeye. Alipewa chai, akasindikizwa mlangoni. Matangi ya chumvi yameshang'olewa. Sisi wenzake tulinyamaza, na simwoni atakayesema sasa.

Kwenye hafla alizawadiwa ovaroli ya kitambaa kipya kisichotiwa chumvi. Akaivaa, akaupapasa mkono wake, akatoa kibiriti kwa mazoea. Tukaangua kicheko, tukingoja. Mzee alikitazama kibiriti, kisha akakirudisha mfukoni.

Asante, Mzee, kwa niaba ya wote waliorudi nyumbani na ngozi zao bila kukujua. Uishi salama, wewe na wako. Na ovaroli hiyo, tafadhali, usimpe mkweo.