Mkubwa Aseme Mwisho

Mheshimiwa mgeni rasmi. Madaktari na wauguzi wenzangu wa Ngara na Biharamulo. Ndugu wageni waalikwa. Na wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Mshereheshaji alitaka mimi, Daktari Rogasian, nizungumze wa kwanza. Nilikataa, na sababu mtaijua.

Tunamuaga Muuguzi Ernesta, anayekwenda kufundisha wapimaji wa vituo vingine, nami najivuna waziwazi. Mnajua tunafanyia majaribio dawa ya sonona, ile huzuni nzito isiyomwachia mtu. Ugonjwa huu hauonekani kwenye damu. Kipimo ni sisi, tunaomhoji mgonjwa na kumpa alama, sifuri kwa asiye na dalili, sita kwa aliyezidiwa. Sasa wapimaji tukipishana, nani atajua kama dawa inaponya?

Mwaka juzi Leonidasi wa Kirushya, ambaye ameniruhusu kumtaja, aliingia chumbani kwangu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Waendeleaje?"

"Namshukuru Mungu, mzee."

Nikaandika moja. Siku ileile Ernesta akampa tano. Nikawaka! Miaka thelathini kazini, nikosolewe na binti niliyemfundisha mwenyewe? Nikamwamuru abadili alama yake ili ifanane na yangu.

Akanijibu kwa upole, "Mzee, nikibadili tutakuwa tumekubaliana, lakini mgonjwa hatujampima."

Kumbe alimuuliza nini? Migomba tu, ameipalilia lini. Leonidasi akasema hajakanyaga shambani tangu maharage yapandwe, na kwamba hakukusudia kuifikia Jumapili akiwa hai. Mimi mgonjwa alinipa heshima, Ernesta akampa ukweli. Tulimlaza siku hiyohiyo, nami niliona aibu ambayo sijaisahau.

Tangu hapo tunatazama mahojiano yaleyale, kila mtu anaandika alama zake peke yake, halafu mdogo anaanza kusema na mkubwa anamaliza. Hiyo ni sheria ya Ernesta. Kwa malezi yetu huo ni utovu wa adabu, na niliimeza kwa shida kama kwinini. Lakini mwaka huu, katika wagonjwa arobaini, tumepishana sana kwa wawili tu, na hao tuliwarudia mpaka tukajua kwa nini.

Leonidasi yumo humu, safu ya tatu. Asubuhi nilimuuliza habari za migomba. Akacheka: "Daktari, punguza maswali, njoo na panga."

Jumapili nakwenda.

Ernesta, binti yangu, umetufundisha kusikiliza. Ndiyo maana leo nimesema mwisho. Nawashukuruni nyote kwa kunipa masikio yenu.