Miguu ya Liberatus

Mwaka 1956, kwenye basi la kutoka Iringa, mama kijana aliyekaa mbele yangu alimfunua mwanawe Liberatus, wa siku tisa. Nyayo zake zilitazamana. "Nampeleka Mbeya wamfunge plasta, miguu inyooke," alimwambia bibi jirani yake.

"Usithubutu, mwanangu. Imegeukia ndani kwa sababu anataka kubaki kwako. Ikinyooka, ataondoka."

"Hayo ya zamani, bibi."

"Wa kwangu sikumpeleka popote. Ilinyooka yenyewe, asubuhi tuliyomzika."

Nilijifanya nasoma gazeti, nalo lilikuwa la wiki iliyopita.

Basi liliposimama hospitali, mama alikuwa ameishika ile miguu kwa mikono miwili. Sikujua kama anainyoosha au anaizuia isinyooke.