Ndoo Nyeupe ya Mama Nkatha

Wasikilizaji wapendwa, mlio Scarborough, mlio Downsview, na wewe uliye kwenye gari ukikimbilia zamu, habari za asubuhi. Leo tunamkumbuka Winfred, Mama Nkatha, muuguzi na mkulima wa hapa Malvern. Alifariki tarehe tatu Machi, kwa kiharusi. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Wengi mlimjua kwa mahindi. Mahindi meupe ya kuchoma, yale ambayo hapa Toronto huyapati dukani hata ulie. Mbegu aliyoanza nayo ilichelewa kukomaa, baridi ikaikuta ingali changa. Basi kila mwaka alichagua mahindi yaliyotangulia kukomaa, akayakausha, akapanda hayo tu. Miaka kumi na mmoja! "Haya yamepata uraia kabla yangu," alikuwa akitania. Mbegu yote ilikaa nyumbani, chumba cha chini, kwenye ndoo nyeupe. Ndoo moja. Hakukuwa na nyingine.

Sasa sikilizeni. Siku ya pili ya matanga, nyumba ilifurika watu, akina mama wa kanisa wakataka kupika githeri, yale mahindi na maharagwe. Michelle, rafiki wa marehemu, akamwendea Ndegwa, mume wa Winfred.

"Baba Nkatha, mahindi makavu mnayo?"

Ndegwa alikuwa amekufa ganzi. Watu walimpa pole, akaitikia, asijue ameitikia nini.

"Kuna ndoo huko chini," akasema. "Chukueni."

Tukapika, tukala. Mimi mwenyewe niliongeza sahani ya pili, nikasifu, jamani, githeri kama ya nyumbani! Ndegwa naye alikula. Hakusikia ladha yoyote.

Aprili, theluji ilipoisha, alikwenda kwenye robo ekari wanayokodi karibu na Unionville. Alikata mabua ya mwaka jana. Akamwaga samadi. Akapindua udongo siku tatu, viganja vikatoka malengelenge, wala hakuhisi. Kisha akarudi nyumbani afanye alichofanya Winfred kila mwaka: kufunga punje kumi kwenye kitambaa kibichi, aone ngapi zitachipua. Akashuka chini. Ndoo ilikuwa imeoshwa vizuri, imefunikwa kifudifudi ikauke.

Binti yao, Nkatha, alimkuta ameketi kwenye ngazi. Nkatha huelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijikaza.

"Baba, si makosa yako."

"Ni mimi niliyesema chukueni," Ndegwa akajibu. "Kaburini sikulia, Nkatha. Na hapa pia silii. Nifanyeje?"

Nkatha akaketi kando yake.

Wasikilizaji wapendwa, ni Ndegwa aliyeniomba niyaseme haya. Michelle hana kosa, wala mpishi yeyote. Kwa Ndegwa, Nkatha na jamaa wote, poleni sana. Mungu amrehemu Winfred. Nasi tujifunze: mfiwa akikupa kitu, muulize mara ya pili.

Halafu, tafadhali, fungueni makabati. Kila Septemba Winfred alitugawia mahindi kanisani. Huenda kuna mtu aliyetundika moja jikoni liwe pambo. Huenda moja limesahaulika gerejini, limekauka. Usilitupe. Usilipike. Mpelekee Ndegwa kabla ya mwisho wa Mei, maana shamba ameshalilima lote, na hana hata punje moja ya kutia.