Hedley Askwith, Diwani Aliyetoka Nje ya Kikao

Shughuli ya kwanza kati ya marehemu Hedley Askwith na mdogo wake Lionel, anayewasomea maneno haya, ilikuwa banda la sungura. Lionel alikuwa na miaka sita, mbao anazo, misumari anayo, na alitaka kulijenga ubavuni mwa uzio. Hedley, mwenye miaka tisa, akasimama mbele yake, mikono mgongoni.

"Umewauliza majirani?"

"Wa nini? Sungura wangu, mbao zangu."

"Kivuli kitaangukia kwao."

Lionel akaenda kuuliza, jirani akakataa. Sungura wakauzwa, tena kwa faida, lakini banda halikujengwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1941 hapa Marlbeck, Yorkshire, mtoto wa kwanza wa Wilfred Askwith, mfanyakazi wa ishara za reli, na mkewe Edith. Mama alikuwa akisema wanawe wote kwake ni sawa, kisha kipande cha kwanza cha nyama ya Jumapili humkatia Hedley.

Mwaka 1952 alifaulu mtihani wa watoto wa miaka kumi na moja, akaingia shule ya sekondari ya wavulana wa mjini. Alinunuliwa koti jipya lenye nembo ya shule kifuani. Miaka mitatu baadaye Lionel alifanya mtihani huo huo, akaanguka. Koti akalirithi, ila mama aliibandua nembo kwanza.

Alianza kazi ya ukarani katika ofisi ya gesi mwaka 1958, akastaafu 1996. Huku nyuma, Mei 1979, alichaguliwa kuwa diwani, na tangu 1988 alikuwa mwenyekiti wa kamati ya vibali vya ujenzi wa nyumba za kuishi, kiti alichokikalia kwa miaka kumi na minne. Waliolalamika kwamba ghorofa ya jirani itawazuia kuona malisho aliwajibu kwa upole: "Kutazama si haki yako, mama. Mwanga ndio haki. Je, unakosa mwanga?" Alipopita sokoni, watu waliacha kupima viazi ili wamsalimie. Lionel, aliyejenga nusu ya nyumba za upande wa kiwanda kwa mikono yake, alipopita nyuma yake aliulizwa: "Si wewe mdogo wake diwani?"

Tarehe 11 Juni 1966 marehemu alifunga ndoa na Beryl Sugden katika kanisa hili hili. Ukweli usemwe, na Beryl mwenyewe anacheka hapo alipoketi: aliyempeleka dansini ni Lionel, aliyemrudisha nyumbani ni Hedley. Walijaliwa watoto wawili, Gillian na Stuart. Lionel alimwoa Pauline mwaka 1970, na hapo hakupunjika. Dansini, hata hivyo, hakurudi tena.

Mwaka 1997 Lionel aliomba kibali cha kujenga nyumba isiyo na ghorofa nyuma ya ua wake, Njia ya Kiln. Alikuwa amewajengea watu maisha yake yote. Hii ilikuwa yake na Pauline, ya kuzeekea. Kule baa, muuza nyama Clegg alimpiga bega.

"Wewe una wasiwasi gani? Kaka yako ndiye mwenyekiti!"

"Kaka yangu ni kaka yangu," Lionel akajibu, na usiku ule alilala usingizi mzuri.

Siku ya kikao ombi la kwanza lilikuwa la jirani wa Hedley, bwana asiyejua kushika nyundo, aliyetaka chumba juu ya banda la gari. Hedley aliinua mkono wake akaunga mkono, likapita. Lionel aliukodolea macho mkono ule. Ombi lake lilipotajwa, Hedley akasimama. "Mwombaji ni mdogo wangu. Natoka."

Akatoka, kama kanuni inavyotaka. Wajumbe wanane waliobaki wakagawanyika nne kwa nne. Kura ya kuvunja sare huwa ya mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa koridoni na kikombe cha chai. Makamu wake, Bi Cawthorne, akaipiga yeye: hapana. Njia ni nyembamba, na madirisha yanachungulia jikoni kwa Bi Ramsden.

Lionel alimkuta koridoni.

"Mtu baki umempa mkono, mimi umenipa mgongo!"

"Mtu baki hakuzaliwa na mama yangu, Lionel."

"Laiti ningezaliwa na mwingine, basi! Ungenipigia kura!"

"Chai itapoa," alisema marehemu, akarudi kitini kwake.

Ndugu hawa hawakula meza moja Krismasi ile.

Lakini Lionel hakufikia umri wake kwa kununa. Alikwenda kwa Bi Ramsden na keki ya Pauline, wakapatana: madirisha yageuzwe upande wa pili, na bibi huyo ajengewe ukuta wa matofali ya zamani anayoyapenda. Pembe ya ua ikakatwa ili njia ipanuke. Mwaka uliofuata Hedley alitoka tena na kikombe chake. Bi Ramsden alisimama mbele ya kamati akamtetea mwombaji kwa dakika zote tatu anazopewa msemaji, na ombi likapita sita kwa mbili. Nyumba ikajengwa. Mkono wa Hedley haukuinuka, na Lionel aliendelea kuutamani.

Oktoba 2021 marehemu alipatwa na kiharusi. Nyumba yake ilikuwa ya ngazi tatu ndefu. Lionel akawaleta yeye na Beryl Njia ya Kiln, bila kumuuliza jirani yeyote. Jioni moja ya majira ya baridi, wakila pai, marehemu aliweka uma chini.

"Siku ile, ningekaa..."

"Enhe?"

"Ningekukatalia. Njia ilikuwa nyembamba kweli."

"Miaka ishirini na minne nakudai kura, kumbe kura yenyewe ya hapana?"

"Ndiyo maana nilifurahi kutoka."

Pauline anasema walicheka mpaka pai ikapoa.

Alifariki usingizini tarehe 17 Januari 2023, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Ameacha mjane, Beryl; watoto, Gillian na Stuart; wajukuu watano; mdogo wake Lionel na shemeji yake Pauline.

Kanisa limejaa leo hadi mlangoni, na wengi wenu aliwakatalia. Wale ambao Lionel aliwajengea nyumba, hajui kama watajaza hata benchi mbili siku yake ikifika. Ndivyo hesabu yao ilivyofungwa: Hedley amekwenda na jina lisilo na doa, na miezi kumi na mitano ya kuishi pasipo ngazi. Lionel amebaki na nyumba nzuri kuliko ile aliyonyimwa, na hana tena wa kumwonea wivu.

Pumzika, kaka. Mungu akulaze pema.