Askari Aliyeingia Mikono Mitupu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa sita wa fundi cherehani na mkewe. Alizaliwa njiti, na kilio chake kilikuwa cha chini mno hata bibi yake akasema, "Huyu hata kulia anabisha hodi."

Alianza shule mwaka 1959, akabatizwa mwaka 1968 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1970.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa askari magereza. Kwa upole wake kwa wafungwa, wenzake walimbandika jina la "Yaya", wala si kwa kumsifu. Tarehe 2 Agosti 1983, wafungwa watatu walijifungia jikoni na mpishi, wamemshikia kisu. Kikosi kilikuwa tayari kuvunja mlango. Marehemu aliomba dakika kumi, akaweka rungu chini, akasali, akagonga.

"Ni mimi. Sina kitu mkononi. Miguu inanitetemeka, nipeni pa kukaa."

Mlango ukafunguliwa. Mpishi alisimulia kwamba mle ndani waliongea habari za mama zao, basi. Baadaye wote watano walitoka, kisu kimebaki mezani. Hakuna aliyechubuka. Marehemu alikwenda nyuma ya ukuta, akatapika.

"Nilidhani wewe ni mwoga," mkuu wake alimwambia.

"Ni mwoga, afande. Na wao pia walikuwa wanaogopa."

"Yaya" halikusikika tena. Alistaafu mwaka 2011.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa watoto watatu. Mkewe hulalamika hadi leo: "Nilikuwa nagomba peke yangu kama redio!"

Novemba 2022 alipatwa na kiharusi, akapoteza usemi. Binti yake mkubwa alimuuguza. Siku moja mzee alimwaga supu kitandani, na binti, kwa uchovu, akamfokea: "Baba, unanimaliza!" Wiki nzima hakupata raha, akihofu baba ataondoka na neno lile moyoni. Mwishowe akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba radhi. Mzee alihangaika na ulimi wake, neno moja moja: "Supu... ilikuwa... mbaya." Walicheka mpaka mama akaja kuuliza kulikoni. Binti alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, alifariki usingizini, bila maumivu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Tumelia, lakini mioyo imetua. Bwana aliyempa upole ampe na pumziko.