Ini Langu Limepona, Mwanahawa Hayupo

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu nikiwa mzima, na wengi mnanijua. Mimi ni yule mtoto wa Kwedizinga niliyekwenda ng'ambo na begi moja, nikarudi na stashahada ya ufundi wa majokofu. Ile nyumba ya vigae pale Segera ni yangu, na hakuna aliyenichangia hata tofali. Nasema hivi mjue kwamba saratani ya ini haikuogopa stashahada wala vigae.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Mwanahawa, aliyeolewa Dindira, kule milimani. Virusi vya homa ya ini tulivipata kwa mama tulipozaliwa, vikakaa kimya miaka yote. Nilipoambiwa nina uvimbe kwenye ini, nilimlazimisha naye apimwe. Alikuwa nao. Wake ulikuwa mdogo kuliko wangu. Ndugu zangu, wake ulikuwa mdogo!

Kule ng'ambo nilikosoma na kufanya kazi kulikuwa na tiba ya majaribio. Wanatoa chembe za damu zinazopigana na maradhi, wanahariri jeni zake ili ziutambue uvimbe, kisha wanakurudishia mwilini. Hawakuahidi kuponya. Nilihangaika mpaka wakakubali kutupokea wote wawili.

Wakwe zake wakaitisha kikao. Baba mkwe wake, mzee mwenye heshima zake, akaniuliza, "Mwanangu, jeni si ndizo ukoo? Wakizibadilisha, mtoto atakayezaliwa baadaye atakuwa wa nani?"

"Mzee wangu, hawagusi kizazi. Ni chembe za damu tu."

"Si umesomea mafriji wewe?" akasema shemeji mmoja, watu wakacheka.

Mzee akaamua tumsubiri kaka yake mkubwa arudi safari, maana jambo la ukoo halikatwi na mtu mmoja. Mwanahawa akatii. Ndivyo tulivyolelewa.

Siku ya kuondoka kwangu alinisindikiza hadi kituo cha basi Segera. "Kaka, tangulia ukahaririwe," akanitania. "Ukirudi na mkia, mimi nabaki na ini langu bovu!" Tulicheka mpaka akajishika ubavu. Nilidhani ni kicheko.

Chembe ziliporudishwa mwilini mwangu niliwaka homa, nikatetemeka, nikamlilia Mungu. Nikiwa bado kitandani, simu ikaja: kikao kimekubali, Mwanahawa aje. Lakini macho yake yalikuwa yamegeuka manjano, tumbo limejaa maji, na daktari wa huku akasema hawezi tena kusafiri. Alizikwa mimi nikiwa wodini.

Uvimbe wangu ulisinyaa, kisha vipimo havikuuona tena. Daktari aliponipa habari nililia sana. Akanipongeza, akidhani ni furaha.

Nilirudi, nikapanda Dindira nimejaa maneno ya kumwambia yule mzee. Nilimkuta peke yake kwenye kaburi la Mwanahawa, baridi inamchoma, anang'oa majani kwa mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akang'oa shina jingine. "Nilikuwa naulinda ukoo."

Nilipiga magoti tukang'oa majani pamoja. Chuki iliyokuwa inanila kuliko saratani ilinitoka pale pale. Machozi bado yapo. Asubuhi nyingine nashika simu nimpigie, halafu nakumbuka.

Namshukuru Mungu aliyewapa wanadamu akili ya kusoma hata ndani ya chembe. Kwa nini alinibakiza mimi na si yeye, sijui, na sitawadanganya kwamba najua. Mwaminini, na mpime mapema, maana homa hii haipigi hodi.

Wauguzi wa kupima homa ya ini wako tayari kwenye darasa la watoto hapo nyuma ya kanisa. Na yule mzee mwenye kofia aliyeketi karibu na mlango ndiye mkwe wa Mwanahawa. Ni Mwislamu, hajawahi kuingia kanisani, lakini leo ameteremka kutoka Dindira na wajukuu wake watatu, watoto wa dada yangu, ili wapimwe. Naomba tumpishe, atangulie yeye.