Bwana Hagstrom na Barafu ya Vioo vya Wenzake

Ijumaa hii, tarehe 31 Januari, Bwana Delmar Hagstrom, meneja wa kiwanda chetu cha jibini hapa Tamarack Falls, Minnesota, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Roxanne Thielges wa ufungashaji, niandike wasifu wake, kwa hoja kwamba hakuna aliyegombezwa naye mara nyingi kuliko mimi. Nilikubali haraka mno, wakaanza kujuta.

Alianza kwa kuosha matangi ya maziwa, akapanda hadi msimamizi wa zamu, kisha akapewa umeneja akiwa na sauti ya dalali wa mnada wa ng'ombe. Siku zile kipaza sauti cha kiwanda kiliharibika na hakuna aliyegundua kwa miezi minne. Maziwa yenyewe yalikuwa yakiganda mapema kwa hofu.

Miaka kumi na mitatu iliyopita wakubwa walimpeleka Duluth, siku tatu hotelini, kwenye semina iitwayo "Kiongozi Anayechanua". Alirudi Jumatatu na daftari la ngozi, sauti ya chini, na macho yanayokukodolea muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Tulidhani daktari kampa habari mbaya. Arlys Pohlkamp, mgeuza jibini aliyemkuta kiwandani huyu bosi akiwa bado anaosha matangi, alimtazama juu hadi chini akasema, "Kha! Huyu wamemlisha nini huko?"

Basi tukaanza kuchanua. Kila asubuhi kabla ya zamu alitusimamisha duara, watu sitini wenye kofia za wavu kichwani, kila mmoja ataje jambo analoshukuru. Arlys alishukuru jambo moja kila siku kwa miaka miwili: "Buti." Onyo likabadilishwa jina, likawa "zawadi ya maoni". Mimi nilizawadiwa mara saba. Baada ya chakula cha mchana alijifungia ofisini kwa nusu saa "kutafakari", na tafakuri yake ilikoroma hadi kwenye ghala.

Watu wanne wa ghala hilo walipopunguzwa, aliwaita akawaambia kwa upole wa kutisha, "Ndugu zangu, hatuwafukuzi. Tunawaachilia mkachanue kwingine." Mmoja wao alichukua koti lake akamuuliza, "Bosi, huu ni mwezi wa Februari. Nachanuaje?" Swali hilo halikuwamo kwenye daftari la ngozi.

Sasa nije kwenye kosa lake kubwa, maana wasifu usio na kosa ni tangazo la biashara.

Wakati huo, kila theluji ilipoanguka mchana, tulikuwa tukitoka kazini tunakuta vioo vya magari vimekwanguliwa barafu, na waipa zimeinuliwa juu zisigande. Si magari yote. Yalikuwa ya wajawazito, ya wenye mgongo mbovu, na la Kayla Brandl, mama wa mapacha, aliyetakiwa kuwa getini shuleni saa tisa na dakika ishirini. Nani alikwangua, hatukuuliza. Hapa kwetu jirani akikuondolea theluji mlangoni unajifanya kipofu, na wiki inayofuata anakuta mkate wa ndizi kwenye ngazi yake. Biashara imekwisha. Ukimshukuru mbele za watu, umemvua nguo.

Bwana Hagstrom ni mzaliwa wa hapa hapa, mama yake alikuwa bingwa wa mikate hiyo! Lakini Duluth walimfundisha kwamba wema lazima "umulikwe". Akafunga kamera kwenye maegesho. Asubuhi moja katikati ya duara akamwita Arlys mbele, akamfungia puto mkononi, akatuonyesha ukutani picha zake akikwangua barafu wakati wenzake wanakula, kisha akamkumbatia. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Huyu alimzuia mlangoni.

Arlys alisimama mwekundu kama nyanya. Alilitoboa lile puto kwa kisu cha jibini, akarudi kazini, na tangu siku hiyo hakukwangua tena. Bosi naye akawa anapata maneno mawili tu kutoka kwake, "ndiyo" na "hapana". Miaka kumi na mmoja, jamani. Ndiyo na hapana!

Wiki tatu baada ya lile puto ikaanguka theluji ya kufunika matairi. Dirisha la ofisi ya meneja linatazama maegesho. Saa tisa na nusu alimwona Kayla anakwangua kioo kwa kadi ya benki, mikono mitupu, analia, watoto wanamsubiri getini kwenye baridi ya kukata masikio. Walioshuhudia wanasema meneja wetu alitoka mbio bila koti, akamaliza kioo chote kwa lile daftari la ngozi. Daftari halikupona. Duara la shukrani likafa siku ile ile, na kamera ikang'olewa kesho yake.

Tangu hapo, siku za theluji, akaanza kutafakari nje. Hutoka mchana na kikwangulio amekificha kwenye mkono wa koti, hurudi masikio mekundu na theluji magotini, akituambia amepata utulivu mkubwa. Nasi humwitikia, "Hongera, bosi." Vioo vikawa safi tena. Nani anakwangua? Mimi ni mfungashaji, sijui mambo ya magari.

Zawadi za maoni ziliendelea, tusidanganyane. Lakini mwaka juzi wakubwa walipotaka tena kupunguza watu wa ghala, aliwatumia barua yenye mistari miwili: anzeni na mimi, na tafadhali msiniambie nichanue. Hawakupunguza mtu.

Kilichomuuma kilikuwa Arlys, na hakukificha. Mwezi uliopita aliniambia, "Roxanne, nitaondoka hapa na yule mama hajanisamehe." Nilimwambia anipe kazi, asinipe huzuni. Niliumia moyo hata hivyo.

Jumanne wiki hii theluji ilianza saa nne asubuhi. Mchana bosi akatoka kutafakari kama kawaida. Akakuta gari lake mwenyewe limekwanguliwa, mbele na nyuma, waipa zimeinuliwa juu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni upepo.

Kwenye chumba cha mapumziko Arlys alikuwa anakula mkate wake, masikio yamemwiva kwa baridi. Bosi akamtazama. Tukaacha kutafuna sote. Tulimwombea afunge mdomo wake, naye, kwa mara ya kwanza tangu Duluth, akaufunga. Alijimiminia kahawa, akaketi meza ya pili.

Ni Arlys aliyeanza. "Nilikuwa natafakari kidogo," alisema.

Bwana Hagstrom, nenda ukapumzike, uvue samaki, na mkeo akuvumilie. Hatukushukuru kwa lolote, maana hatujaona lolote. Ila Jumamosi asubuhi usishtuke ukifungua mlango. Kuna mikate ya ndizi hamsini na tisa inaokwa mjini, na ngazi yako ni fupi.